Nyusi za Nikeli

Mtu akitaka kumnyang'anya mjane kitu, haji na panga. Huja na ndoo na sabuni. Ndivyo Haitham alivyoingia asubuhi ile Bububu, nyumba aliyofia baba yake: mkono mmoja ndoo, mkono wa pili mfuko wa Darajani, na nyuma yake kijana mgeni kabeba msasa na chupa ya spiriti. Alisukuma geti kwa goti, akapita dirishani kwa Bi Mize bila ya kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja kwenye gari lililokaa chini ya kibanda cha mabati. Akatema mate kwenye kioo cha taa. Akakisugua kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua embe na nia ya kutonunua.

Bi Mize alikuwa amekaa juu ya mkeka, nyuma ya pazia, anachambua mchele uliokwisha chambuliwa jana. Hakuwa na wa kumpikia. Lakini mkono usiokuwa na kazi huamsha kichwa, na kichwa chake siku zile hakitaki kuamshwa. Mumewe Nahodha alikuwa amezikwa, hitma ya arobaini imesomwa, na eda yake bado mbichi. Wanja hapaki, hina hatii, udi haufukizi, nje ya geti hatoki ila kwa dharura ya kweli. Na katika nyumba ile ya Nahodha, ambako sharia ilishikwa kwa meno, mwanamke wa eda haonekani na mwanamme ajinabi, yaani anayeweza kumuoa, hata kwa kisigino.

Haitham hayo aliyajua vizuri. Yeye mwenyewe hakuwa ajinabi. Mtoto wa mume ni mtoto, na mke wa baba hukumuoa jana wala hutamuoa kesho. Angekuja peke yake, Bi Mize angetoka uani akamshika shati. Ndiyo maana hakuja peke yake.

"Haitham," Bi Mize aliita kutoka ndani.

"Naam."

"Huyo uliyemleta nani?"

"Fundi."

"Fundi wa nini? Gari haliumwi."

"Fundi wa urembo," alisema Haitham, na huku anapiga povu ndani ya ndoo. "Wewe kaa na eda yako, Bi Mize. Humu uani kuna mwanamme wa watu. Usije ukajitia dhambini kwa ajili ya gari bovu."

"Bovu, na umeliletea fundi."

Haitham alicheka kidogo, kicheko cha puani, akalimwagia gari maji.

Lilikuwa gari la zamani, Korola nyeupe iliyokwisha kuwa rangi ya maziwa yaliyolala. Taa zake za mbele zilikuwa zimefanya umanjano, kama macho ya mgonjwa wa ini. Lakini lilikuwa na mgongo. Lilibeba masufuria ya Bi Mize kutoka Bububu mpaka Jambiani, kutoka Fuoni mpaka Nungwi, kwa kuwa yeye alikuwa mpishi wa maharusi, na biriani ya watu wengi haichukuliwi kwapani. Bila gari lile, atakaa barazani auze vitumbua. Na alishawahi kuuza vitumbua ujanani, na hakutaka kurudi huko na mvi kichwani.

Nahodha alikuwa amempa. Zamani, kabla ya maradhi kumgusa, walirudi kutoka kwenye harusi ya Makunduchi, akasimama hapo hapo uani mbele ya dada yake, Bi Sichana, akamtia Bi Mize ufunguo kiganjani. "Gari hili nimempa mke wangu," akasema. "Mimi tokea leo dereva." Bi Sichana alisikia, akakunja mdomo, akaenda zake.

Sasa Nahodha hayupo, na Haitham anasema yale yalikuwa maneno ya mzee aliyeshiba pilau. Kitu kilichotolewa kwa mdomo na kisitoke mkononi mwa mtoaji, kadhi hukirudisha kwenye mirathi. Baba si ndiye aliyekuwa akiliendesha mpaka alipolala kitandani? Basi mke alipokea nini? Kesi ilikuwa ikisubiri, na kadhi, kama makadhi wote, angeuliza jambo moja la mwanzo: gari limo mikononi mwa nani?

Ndiyo sababu ya ndoo na sabuni. Haitham alikuwa anaoa. Siku ilikuwa imewekwa tangu mzee yuhai, na wakwe zake wa Mjini alishawaahidi kwamba gari la baba ndilo litakalomchukua bibi harusi. Alipambe mbele ya majirani, alitoe kwa shangwe na honi, alizungushe Michenzani na maua juu, halafu nani atakayesimama aseme lile ni gari la kizuka, mjane wa eda aliyejifungia Bububu?

Ufunguo tu ndio hakuwa nao. Ulikuwa umefungwa pembeni mwa kanga ya Bi Mize. Lakini ufunguo, alikuwa akiwaambia rafiki zake, unachongwa.

Walisugua taa kwa dawa ya meno, kisha msasa laini, kisha dawa ya meno tena. Mgeni alikuwa na mkono mzuri, hasugui kwa hasira. Haitham alisugua kama anayetaka kutoboa. Umanjano ukaondoka kidogo kidogo, vioo vikaanza kuona. Bi Mize alitazama kwa upenyo wa pazia na alijichukia kwa kupendezwa.

Kisha Haitham akafungua mfuko wa Darajani, akatoa vipande viwili vyembamba vya plastiki vilivyopakwa nikeli, vimepinda mfano wa nyusi za mwanamke aliyetoka kutindwa. Nyuma vilikuwa na gundi, na gundi imefunikwa karatasi nyekundu.

"Nini hiyo?" aliuliza Bi Mize.

"Nyusi za taa. Gari lipate sura."

"Mimi nimeachishwa wanja kwa ajili ya mwenye gari, gari lenyewe linatiwa nyusi."

"Wewe ndiye uliyefiwa na mume. Gari halina mume."

"Wewe je? Hukufiwa na baba?"

Haitham aligeukia upande wa jua. Aliviinua vile vipande juani vikamulika mpaka dirishani, vikamchoma Bi Mize machoni.

Mgeni alikuwa amekipima kimoja juu ya taa, akakitoa, akakipima tena. "Haitham," alisema, "hizi boneti inafunguliwa kwanza. Ncha ya juu inaingia chini ya mdomo wa boneti, ishike taa peke yake. Ukibandika hivi imefungwa, italala nusu kwenye taa nusu kwenye boneti."

"Inafunguliwa wapi?"

"Ndani. Kijiti kiko chini ya usukani. Milango je?"

Haitham alijaribu mlango wa dereva. Akazunguka, akajaribu mingine yote. Akatazama vioo vya madirisha kwa muda, na ilionekana usoni kwake kwamba amefikiria jiwe. Lakini gari la kumchukulia mtoto wa watu haliendi na dirisha la nailoni.

Hapo geti likalia. Bi Sichana aliingia, buibui lake limepiga vumbi la Kijichi, anahema. Haitham ndiye aliyemwita. Alitaka dada wa marehemu aje aone kwa macho yake nani anayelitunza gari.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Nimetoka nimeacha samaki jikoni. Nionyeshe hicho ulichoniitia."

"Kaa, shangazi, kaa. Nalipamba gari la baba. Tunamalizia." Kisha, kwa sauti aliyoilainisha kwa ajili ya shangazi, akaligeukia dirisha. "Bi Mize. Hebu nitupie ufunguo mara moja. Nifungue boneti tu, nnakurudishia."

Ndani zilisikika punje za mchele zikianguka bakulini.

"Bi Mize, si nnasema na wewe?"

"Nakusikia."

"Nitupie basi."

"Gari la baba yako, unavyosema, ni lako. Wewe mwenyewe unaliendesha vipi bila ya ufunguo?"

"Shangazi, umemsikia? Mwambie anipe. Nimemwomba kwa adabu, na shahidi ni huyu fundi."

Bi Sichana alikuwa ameketi juu ya sufuria kubwa lililofudikizwa ukutani, moja katika yale ya biriani, miguu kainyoosha. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache na chuki ndefu. Tangu kaka yake alipomuoa Mize, mpishi kutoka Mkokotoni, mjane wa mtu, hakula chakula cha nyumba ile ila cha msibani. Alimtazama Haitham, akalitazama dirisha.

"Mimi si mwenye ufunguo," alisema.

"Basi potelea mbali," alisema Haitham. "Zitakaa hivyo hivyo."

"Zitashika boneti," mgeni alimkumbusha.

"Nani kakwambia tutafungua boneti siku ya harusi? Tunapeleka bibi harusi, hatupeleki mashine gereji. Futa."

Mgeni alifuta kwa spiriti, akasubiri ikauke. Haitham akachambua karatasi nyekundu, akaulaza unyusi wa kushoto, akaukandamiza kwa kitambaa kutoka kati kwenda pembeni. Ulikaa vizuri, umelala juu ya ufa wa boneti na taa kama daraja. Akapata kiburi. Wa kulia aliubandika kwa pupa, ukaenda juu upande mmoja, na gundi ile ikishashika haina samahani. Alijaribu kuuvuta kwa kucha. Ukucha ndio uliovunjika.

Gari sasa lilikuwa na unyusi mmoja umetulia na mwengine umeinuka, sura ya mtu aliyeambiwa jambo asiloliamini.

"Linakudharau," alisema Bi Sichana.

Mgeni aliinama kuficha mdomo wake. Alipoinama, Bi Mize, nyuma ya pazia, aliona kisogo chake, na chini ya kisogo kovu la moto la zamani, duara, kubwa kama kifungo cha koti. Bakuli la mchele likamtoka mkononi. Kovu lile alilijua. Lilikuwa la kuchomwa kwa chuma cha moto, dawa ya mtoto wa degedege. Na yeye ndiye aliyemshika mtoto wakati anachomwa, kwa kuwa mama yake hakuwa na nguvu za kushika.

Alisogea mpaka pazia likamgusa pua.

"Wewe kijana. Jina lako nani?"

Mgeni aliinuka, akatazama chini kwa adabu, asitazame dirishani. "Yussuf."

"Mtoto wa nani?"

"Wa Msabah, wa Mkokotoni."

"Na mama?"

"Mwanapili."

"Bi Mize," alikatiza Haitham, "huyu hakuja kuoa humu. Muache afanye kazi."

"Mwanapili aliyeugua kifua alipojifungua," aliendelea Bi Mize, kama aliyekatizwa na kuku. "Asiweze kunyonyesha."

"Huyo huyo."

"Ukanyonya wapi?"

Yussuf alikiweka kitambaa juu ya ndoo. Alijibu polepole, na sasa hakuwa anatazama chini tena. "Naambiwa nilinyonyeshwa na jirani, mke wa Kombo mchoma chokaa. Alikuwa amefiwa na mwanawe. Mtoto wa kike, akiitwa Maryam. Mama kila sikukuu hunambia, mtafute mama yako wa pili ukamuamkie. Nimeulizia. Watu husema aliolewa mjini, hawajui wapi."

 Jina lile lilikuwa halijatamkwa ndani ya nyumba ya Bububu hata mara moja. Nahodha mwenyewe alilijua kwa kuambiwa, hakupata kulisema.

"Hadithi," alisema Haitham. "Wamepanga hadithi."

"Umemleta wewe," alisema Bi Sichana. "Watapanga saa ngapi?" Akaligeukia dirisha, na sauti yake haikuwa na huruma, ilikuwa sauti ya mtu anayepima kitambaa dukani. "Mize. Alinyonya mara moja ya kunyamazishwa, au alinyonya?"

"Alinyonya mpaka akaota meno akaniuma."

"Na Kombo ndiye aliyekuwa mumeo kabla ya kaka yangu."

"Unamjua. Umenitukana naye miaka yote."

Bi Sichana aliitika kwa kichwa. "Basi huyu si ajinabi," alisema. "Huyu mwanawe wa kunyonya."

Mlango ukafunguka.

Bi Mize alitoka na kanga kuukuu, uso mkavu, nyusi zake mwenyewe zimeota ovyo kwa kutotazama kioo. Yussuf alimpigia magoti, akaushika mkono wake akaubusu, akasema shikamoo. Alimjibu marahaba, akamwekea kiganja juu ya kisogo kwa kitambo kidogo, penye kovu. Halafu akampita. Hakutoka kwa ajili ya kulia.

Alifungua fundo la kanga, akatia ufunguo mlangoni, akaingia akaketi kwenye kiti cha dereva. Haitham alikuwa hajawahi kumuona hapo. Hakujua kwamba baba yake alimfundisha, jioni nyingi, uwanja wa Maisara, na kwamba mwaka wa mwisho, mzee akiishiwa macho, ni yeye aliyekuwa akishika usukani alfajiri kwenda na masufuria shamba, mzee kakaa kando na tasbihi yake. Bi Mize akashuka na mkono chini ya usukani, akavuta kijiti.

Boneti ilisema *tak*, lakini haikuinuka. Nyusi ziliishika.

Alishuka akaja mbele. Haitham alishaweka viganja vyote viwili juu ya boneti, kaegemeza kifua.

"Utaziharibu," alisema.

"Toa mikono kwenye gari langu."

"Gari lako kwa karatasi gani?"

"Toa mikono, Haitham."

"Nimesubiri baba afe, nikasubiri arobaini ipite, nikakwachia nyumba ukakaa. Unataka na hili? Ulikuja hapa na ungo na mwiko. Utatoka na ungo na mwiko."

"Uliposubiri baba yako afe," alisema Bi Mize, "mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza. Wewe ulikuwa ukija kumuuliza kadi ya gari iko wapi. Mpaka na pumzi ya mwisho ulimuuliza. Nami nilinyamaza, nikasema ni mtoto. Leo sinyamazi."

Uso wa Haitham ukabadilika rangi. Alimtazama shangazi yake, maana hili shangazi hakulijua. Bi Sichana aliirudisha miguu yake kutoka ilikonyooshwa.

"Haitham," alisema Yussuf, na alikuwa amesimama karibu sana, "toa mikono. Huyo mama yangu."

"Na mimi si rafiki yako?"

"Rafiki yangu. Toa mikono."

Aliitoa. Si kwa haya. Yussuf alikuwa na mabega.

Bi Mize alitia vidole chini ya mdomo wa boneti, akainua. Gundi ilivumilia kidogo, kisha ikaachia kwa sauti ya kitambaa kinachopasuka. Unyusi wa kushoto ulikatika katikati. Wa kulia uling'oka mzima kwenye taa ukapanda na boneti, na pembeni mwa taa ukabaki mkwaruzo mrefu, rangi imetoka mpaka chuma. Hakuutazama. Alichomoa kijiti cha oili, akakipangusa kwa ncha ya kanga, akakirudisha, akakichomoa tena akakitazama juani. Akafungua kifuniko cha rejeta.

"Maji yamepungua. Yussuf, niletee ile ndoo. Si hiyo yenye povu. Ya kisimani."

Yussuf akaleta. Bi Mize akamimina mpaka yakasimama. Kisha akarudi ndani ya gari, akazungusha ufunguo. Betri ilikuwa imechoka kwa kulala. Mashine ikakohoa, ikakataa. Haitham akatabasamu. Bi Mize akazungusha tena, mguu wake umekanyaga mafuta kidogo, si sana, kama anayejua tabia ya mgonjwa wake. Ikawaka. Aliiacha ingurume mpaka moshi ukawa mweupe, kisha akaizima. Ufunguo ukarudi kwenye fundo la kanga.

"Umemaliza maonyesho?" alisema Haitham. "Tutaonana kwa kadhi."

"Tutaonana," alisema Bi Sichana, kabla Bi Mize hajafungua mdomo. Aliinuka kwenye sufuria, akajipangusa vumbi. "Maana uliniita niwe shahidi, nami nimeshuhudia. Kadhi akiniuliza nini nimeona, nitamwambia nimekuona unaomba ufunguo. Mara mbili. Kaka yangu naye akiomba hivyo hivyo, kila akitaka kutoka: Mize, nipe ufunguo. Nikimsikia kutoka njiani, nikimcheka, nasema mwanamme gani huyu. Kumbe alikuwa akikabidhi."

"Shangazi, mimi damu yako."

"Damu yangu iliyomdai kaka yangu kadi ya gari kitandani pa mauti?"

Haitham alikusanya msasa wake. Ndoo akaimwaga kwa makusudi mbele ya mlango wa nyumba, povu likatapakaa kizingitini. Akatazama kama Yussuf anamfuata, Yussuf hakutikisika. Akasema neno moja juu ya mama zao wote, neno la barabarani, akatoka akaliacha geti linabamiza nyuma yake.

Bi Sichana akajifunga buibui. "Usidhani nimeanza kukupenda," alimwambia Bi Mize.

"Sijapata kudhani."

"Ungelimwacha akapeleka bibi harusi mara moja, na ugomvi huu usingelikuwepo. Una roho ngumu."

"Angelipita nalo getini mara moja, lisingelirudi. Hata wewe unajua."

Bi Sichana hakukana. Aliusogelea mkwaruzo, akaupitisha kidole, akakitazama kidole chake, akaondoka bila ya kuaga, na samaki wake bila shaka walishaungua.

Yussuf alikuwa amechukua kipande cha uzi wa mshipi wa kuvulia, tayari anaupitisha nyuma ya unyusi uliobaki kwenye boneti, huku na huku, kama anayekata sabuni.

"Ntazing'oa zote, mama. Halafu gundi ntaikwangua, nipake rangi. Isijulikane kama kulikuwa na kitu."

"Acha," alisema Bi Mize.

"Lakini ni mbaya."

"Ni mbaya. Acha hivyo hivyo mpaka siku ya kadhi. Atakuja mtu wa mahakama kulikagua. Nataka aone zilibandikwa boneti imefungwa, zikakatikia wapi, na nani aliyekuwa na ufunguo wa kuzikata."

Akaingia ndani kumtafutia mwanawe chakula, akiruka povu.